Nukleofili ipi ina kasi? Njia za kupima na kukadiria, zikilinganishwa kwa maabara za Kisumu, Maseno na Njoro

Weka chupa tatu mezani: piperidini, anilini na hidroksidi ya sodiamu. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu ipi itaishambulia kabokationi (kaboni yenye chaji chanya) haraka zaidi ndani ya maji. Wengi watafungua jedwali la pKa, kipimo cha nguvu ya asidi, na kujibu bila kusita: hidroksidi kwanza, piperidini ya pili, anilini mkia. Sasa tazama hali ilivyo. Nukleofili ni kinachoshambulia kwa jozi yake ya elektroni, elektrofili ni kinachoshambuliwa; N na sN zitaelezwa mbele. Safu ya mwisho, k, ni kasi dhidi ya elektrofili moja, ile ioni ya buluu ya Michler, yaani benzhidriliamu yenye vikundi viwili vya dimethilamino.

| Nukleofili, ndani ya maji | pKa ya asidi mwenza | N | sN | k (M⁻¹s⁻¹), 20°C |
|---|---|---|---|---|
| Piperidini | 11.1 | 18.13 | 0.44 | 77,000 |
| Morfolini | 8.5 | 15.62 | 0.54 | 44,000 |
| Anilini | 4.6 | 12.99 | 0.73 | 23,000 |
| Propilamini | 10.6 | 13.33 | 0.56 | 3,400 |
| Hidroksidi | 15.7 | 10.47 | 0.61 | 130 |
| Amonia | 9.2 | 9.48 | 0.59 | 28 |

Anilini, besi dhaifu kuliko zote hapo, inaipita hidroksidi zaidi ya mara 170. Inaipita hata propilamini, ambayo kwa pKa iko juu yake kwa ngazi sita. Jedwali hili limekuja mwanzoni kwa sababu makosa mengi ya kuchagua nukleofili huanzia hapa: mtu anauliza swali la kasi, halafu anajibiwa na namba ya msawazo. pKa hueleza protoni inakaa wapi mambo yakishatulia. Nukleofili inahitaji kuelezwa inafikaje kwenye kaboni, na kwa haraka gani.

Njia za kupata jibu ni nne: pKa, majedwali yaliyokwisha kupimwa, kupima mwenyewe, na kukokotoa kwa kompyuta. Kila moja ina mahali pake, na bei zake hazilingani hata kidogo.

pKa: rahisi, lakini ndani ya ukoo mmoja tu

Ubora wa pKa ni kwamba unaweza kuipima popote penye kipima pH kilichosawazishwa. Yeyusha amini, ongeza nusu ya HCl inayohitajika kuimaliza, soma pH. Namba hiyo iko karibu sana na pKa ya asidi mwenza. Kazi ya nusu saa.

Inafanya kazi vizuri pale ambapo atomu inayoshambulia ni ileile, umbo linaloizunguka ni lilelile, na kiyeyushi hakibadiliki. Chukua piridini kadhaa zenye vikundi tofauti kwenye nafasi ya 4: ukichora log k dhidi ya pKa utapata mstari ulionyooka, na piridini ambayo hujaipima unaweza kuisoma kwenye mstari huo kwa imani. Anilini nazo hivyohivyo. Lakini ukitoka kwenye piridini kwenda kwenye amini ya mnyororo, au kutoka oksijeni kwenda salfa, mstari unakatika. Thiofenoli ina pKa ya 6 na kitu, methanoli 15.5, hata hivyo ioni ya fenilithio inashambulia iodidi ya methili ndani ya methanoli kwa kasi ya mara 4,000 na zaidi kuliko methoksidi. Salfa ni atomu kubwa, elektroni zake zinavutika kirahisi, na kiyeyushi hakiishikilii kwa nguvu.

Kuna kundi jingine la wakaidi: hidrazini, hidroksilamini, na ioni ya peroksidi HOO⁻, ambazo atomu iliyo jirani na ile inayoshambulia ina jozi yake huru ya elektroni. Hizi huwa na kasi kuliko pKa yao inavyoahidi. HOO⁻ ni besi dhaifu kuliko HO⁻ kwa ngazi nne, lakini inaiacha nyuma kwa mbali. Ukiona hidrazini kwenye orodha yako, funga jedwali la pKa.

Majedwali: uliza kwanza elektrofili ilikuwa ipi

Jedwali la zamani linalotumika hadi leo ni la Swain na Scott, la mwaka 1953. Walichukua bromidi ya methili ndani ya maji, 25°C, wakaipa maji sifuri. Fomula yao ni log(k/k₀) = s·n, ambapo k₀ ni kasi ya maji, n ni ya nukleofili, na s ni ya substrati, yaani molekuli inayoshambuliwa. Kloridi ina n ya 3.04, bromidi 3.89, azidi 4.00, hidroksidi 4.20, anilini 4.49, iodidi 5.04, thiosalfeti 6.36. Upande wa substrati, s ni 1 kwa bromidi ya methili, 0.87 kwa kloridi ya benzili, 0.77 kwa beta-propiolaktoni. Ukitaka kujua iodidi itaishambulia kloridi ya benzili mara ngapi kuliko kloridi, hesabu ni 0.87 × (5.04 − 3.04) = 1.74, yaani takribani mara 55. Kalamu na karatasi vinatosha.

Pearson na wenzake walifanya kazi kama hiyo mwaka 1968 kwa iodidi ya methili ndani ya methanoli. Faida yake ni upana: kloridi 4.37, piridini 5.23, anilini 5.70, methoksidi 6.29, trifenilifosfini 7.00, piperidini 7.30, iodidi 7.42, fenilithio 9.92. Mtu anayetengeneza chumvi za amonia au fosfonia, au anayefanya SN2 yoyote ya kawaida (nukleofili inaingia huku kikundi kingine kikitoka, kwa hatua moja) ndani ya alkoholi, aanzie hapa. Ritchie, mwaka 1972, alikuja na fomula isiyo na s kabisa, log k = log k₀ + N₊, kwa kabokationi na ioni za diazoniamu. Ilifungua njia, ila kwa kazi ya kila siku imemezwa na iliyofuata.

Iliyofuata ni ya Mayr na Patz, 1994:

log k = sN(N + E), kwa 20°C.

Namba mbili ni za nukleofili (N na sN), moja ni ya elektrofili (E). Ngazi iliwekwa kwa benzhidriliamu zenye rangi, ambazo kaboni inayoshambuliwa imezungukwa vilevile lakini nguvu yake inapanda na kushuka kwa kubadilisha vikundi vilivyo mbali, upande wa pili wa pete. Yenye methoksi mbili imepewa E = 0. Ile ya buluu ya Michler iko −7.02, na ile ya lilolidini iko −10.04. Hifadhidata yake iko wazi mtandaoni bila malipo, chini ya chuo kikuu cha Ludwig Maximilian mjini Munich, na inafunguka hata kwa bando dogo la simu.

Hapa pana mitego mitatu, na wa kwanza ndio unaonasa wengi: kulinganisha N peke yake. Rudi kwenye jedwali la juu. Piperidini na morfolini zinatofautiana kwa N kwa 2.5, na anayesoma haraka atasema piperidini ni mara 300. Zidisha na sN zake, tofauti inabaki mara 1.8 tu dhidi ya ioni ya Michler. N ni mahali mstari unapokata mhimili. sN ni mteremko. Mistari miwili yenye miteremko tofauti inaweza hata kukatana. Kwa hiyo weka E ya elektrofili yako kwanza, kokotoa k, ndipo ulinganishe.

Wa pili ni kiyeyushi. Azidi ndani ya methanoli ina N 14.54 na sN 0.82, ndani ya DMSO, kiyeyushi kisichotoa vifungo vya haidrojeni, ni 20.50 na 0.59. Dhidi ya elektrofili yenye E ya −10, tofauti hiyo ni kama mara 300 kwa chumvi ileile. Methanoli huikumbatia ioni hasi kwa vifungo vya haidrojeni, na ioni lazima ijinasue kabla ya kushambulia. Kwa kloridi na iodidi ya methili hali ni kali zaidi: kutoka methanoli kwenda DMF, kiyeyushi cha aina ya DMSO, kasi hupanda zaidi ya mara milioni. Kwa hiyo N isiyotajwa kiyeyushi usiinakili.

Wa tatu ni kuitumia fomula hii ghafi kwa SN2. Ilijengwa kwa kabokationi na elektrofili zinazofanana nazo, kama vile alkini na alkeni zilizovutwa elektroni. Kwa iodidi ya methili na jamaa zake inahitajika kizidishi cha pili upande wa elektrofili, sE, na log k = sN·sE(N + E). Ukiisahau, utatabiri kasi ambayo haitaonekana mezani. Kwa SN2 mimi ningerudi kwa Pearson, bila aibu.

Usahihi wake? Ndani ya benzhidriliamu zenyewe, k unayokokotoa huwa karibu sana na iliyopimwa. Nje ya hapo, tegemea kukosea kwa mara 10, pengine hata 100. Inasikika vibaya mpaka ukumbuke ngazi nzima ina vipeo zaidi ya 30 vya kumi. Juu ya k ya 10⁸ fomula inapinda, kwa kuwa molekuli zinaanza kungojana kukutana tu. Upande wa chini, kanuni ya kidole ni hii: N + E ikishuka chini ya −5, usitarajie mmenyuko kwenye joto la chumba.

Kupima mwenyewe: vifaa vinne, maswali manne

Mashine ya kuchanganya ghafla na kusimamisha mtiririko hupima kuanzia milisekunde moja au mbili baada ya kuchanganya. Ndiyo iliyotoa namba nyingi za jedwali la kwanza. Kama iko jirani, itumie. Kama haipo, usikate tamaa, kwa kuwa unaweza kuchagua elektrofili dhaifu zaidi na kuuleta mmenyuko ndani ya uwezo wa spektrofotomita ya kawaida. Mfano: enamini ya morfolini na sikloheksanoni (N 11.40, sN 0.83) dhidi ya ioni ya Michler inatoa k ya 4,300, kwa ukolezi wa 1 mM, nusu ya rangi inaisha kwa chini ya sekunde moja. Dhidi ya ioni ya lilolidini k inashuka hadi 13, na nusu-uhai unakuwa kama sekunde 50. Mkono wa binadamu na kuveti vinatosha.

Kanuni ya kuchanganya kwa mkono: nusu-uhai usipungue sekunde 30. Kati ya kumimina, kutikisa na kufunga kifuniko, sekunde 8 hadi 10 zimekwenda.

Kifaa cha pili ni kipima upitishaji umeme. Amini isiyo na chaji ikishambulia bromidi ya benzili ndani ya asetonitrili, ioni zinazaliwa, na upitishaji unapanda. Hakuna rangi inayohitajika, na kifaa ni cha bei ya chini ukilinganisha na vingine. Kasoro yake: upitishaji si sawia na ukolezi ioni zikiwa nyingi, kwa hiyo punguza bromidi hadi 1 mM au chini, na uandae mchoro wa usawazishaji kwa chumvi ya zao lenyewe. Bromidi ya benzili inachoma macho kwelikweli. Kazi hiyo ni ya kabati la kuvuta hewa, siyo ya dirishani.

Cha tatu ni shindano. Weka nukleofili mbili, A na B, kwa wingi, ongeza elektrofili kidogo, subiri imalizike, kisha pima mazao kwa mashine za uchambuzi kama NMR, GC au HPLC. Uwiano ni kA/kB = ([zao A]/[zao B]) × ([B]/[A]). Haidai saa wala mashine ya kasi, na sampuli zinaweza kusafirishwa kwenda kupimwa mji mwingine, mradi mazao hayaharibiki njiani. Inakudanganya katika hali mbili: mmenyuko ukiwa wa kasi ya kukutana (basi kila uwiano unasogea kuelekea 1), au mazao yakiweza kurudi nyuma. Katika hali ya pili unachopima ni uthabiti wa zao. Jaribu hivi: chukua sampuli baada ya dakika 5 na nyingine baada ya saa 5. Uwiano ukibadilika, shindano limevunjika.

Cha nne, na kwa maabara nyingi ndicho cha kuanzia, ni spektrofotomita ya kawaida na rangi. Zambarau ya fuwele, ileile ya kutia rangi bakteria kwenye slaidi, na ileile ya dawa ya GV iliyopaka midomo ya watoto wengi, ni kabokationi halisi yenye E ya −11.26. Hidroksidi ikiishambulia, rangi inafifia na kuisha. Chupa ya duka la dawa inafaa kuonyesha darasa tu. Kwa namba, nunua unga.

Yeyusha mg 10 za unga (uzito wa moli 408) katika ml 250 za maji yaliyotoneshwa. Unapata karibu 1 × 10⁻⁴ M. Andaa NaOH 0.10 M na NaCl 0.10 M. Ndani ya kuveti weka ml 0.3 za rangi na ml 1.2 za maji, kisha ml 1.5 ambazo ni mchanganyiko wa NaOH na NaCl: NaOH iwe 0.3, 0.6, 0.9, 1.2 na 1.5, NaCl ikijaza pengo. Jumla ni ml 3 kila mara, na nguvu ya ioni inabaki 0.05 M kote. NaCl si pambo. Mmenyuko huu ni wa ioni chanya na ioni hasi. Chumvi ikiongezeka, mvuto kati yao unafifia na kasi inashuka, na ukiiacha ipande pamoja na NaOH, mstari wako utapinda bila wewe kujua kwa nini. NaOH iingie mwisho, saa ianze hapohapo.

Soma kwenye nm 590. Unyonyaji utaanza karibu na 0.8 au 0.9. Kwa NaOH 0.01 M nusu-uhai ni kama dakika 6, kwa 0.05 M ni dakika moja na kidogo. Chora ln(A − A∞) dhidi ya muda (A ni unyonyaji, A∞ ni ule wa mwisho kabisa), chukua mteremko wa kila ukolezi, kisha chora miteremko mitano dhidi ya [OH⁻]. Mteremko wa mstari huo wa pili ni k, na kwenye 25°C huangukia karibu 0.2 M⁻¹s⁻¹. Fomula ya Mayr kwa 20°C inatoa log k = 0.61 × (10.47 − 11.26), yaani k ya 0.33. Kwa kabokationi yenye pete tatu zilizosongamana, kukosea huko ni kudogo.

Yanayoharibika, kwa mpangilio wa mara nyingi zaidi:

NaOH ya jana. Hunywa kaboni dioksidi ya hewani, na ukolezi ulioandika kwenye lebo si ulio ndani. Titreti asubuhi ya kazi.

Kuveti. Zambarau hujishikiza kwenye glasi na plastiki, na A∞ haifiki sifuri kamwe. Suuza kwa ethanoli yenye tone la HCl, kisha maji.

Joto. Kisumu mchana chumba kisicho na kiyoyozi hufika 29°C kirahisi. Njoro asubuhi ya Julai kinaweza kuwa 12°C. Kwa mmenyuko wenye kizuizi cha kJ 60 kwa moli, kutoka 20 hadi 29°C kunazidisha k mara mbili. Watu wawili waliofuata hatua zilezile, mmoja Njoro mwingine kando ya ziwa, wanaweza kutofautiana mara tatu au nne na wote wakawa sahihi. Kama kishikio cha kuveti hakina mzunguko wa maji, weka myeyusho wote kwenye beseni moja kwa dakika 20 kabla, pima joto ndani ya kuveti mwanzo na mwisho, na uandike namba hiyo kando ya k. Stima ikipotea katikati ya mfululizo, rudia mfululizo mzima; taa iliyowaka upya huchukua muda kutulia.

Kwa amini, zambarau haifai. Mara nyingi mmenyuko unafika msawazo kabla rangi haijaisha, na OH⁻ inayotokana na amini yenyewe inajipenyeza. Hapo panda hadi ioni ya Michler, nm 605 hivi, 1 × 10⁻⁵ M, kwa mashine ya kuchanganya ghafla, kwa kuwa mkono hautaiwahi. Lakini ndani ya maji ioni hiyo hufa yenyewe: maji yana N 5.20 na sN 0.89, na hesabu inatoa nusu-uhai wa sekunde 29 kabla hujaongeza chochote. Kasi unayoiona ni jumla: k ya amini × [amini] + 130 × [OH⁻] + kasi ya maji. [OH⁻] ikokotoe kutoka pKa (ndiyo, hapa pKa inarudi kwa heshima), ondoa sehemu yake, ndipo uchore. Ukifanya kazi ndani ya asetonitrili kavu, kero hizo zote zinatoweka. Diklorometani, inayopendwa kwenye majedwali, haipendi miinuko yetu: Kisumu inachemka karibu na 36°C, Nakuru karibu na 34, na kuveti isiyofungwa vizuri inapoteza kiyeyushi huku ukolezi ukipanda mbele ya macho yako.

Mbadala kwa amini na thioli ni asetati ya para-nitrofenili, ambayo hutoa njano ya nm 400. Inapatikana, si kali, na haina haja ya kukausha chochote. Ila inapima shambulio kwenye kabonili, kwa hiyo namba zake zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Na kumbuka para-nitrofenoli ina pKa ya 7.15: kwenye bafa ya pH 7 chini ya nusu yake ndiyo yenye njano. Ama panda hadi pH 9, ama soma kwenye nm 348 ambapo aina zote mbili hunyonya sawa. Kloridi ya dinitrobenzeni, ambayo vitabu vingi huipendekeza, tungeiacha rafuni. Ngozi ikishaizoea vibaya mara moja, mzio hauondoki.

Neno moja kuhusu ununuzi. Piperidini iko kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali zinazodhibitiwa, na karatasi zake huchelewesha. Morfolini haiko, na kama ulivyoona kasi zake ziko jirani. Amini yoyote ya pili yenye utando mweupe shingoni mwa chupa imeshakula kaboni dioksidi. Anilini iliyogeuka kahawia imeoksidika. Zitoneshe upya kabla ya kupima, la sivyo unapima uchafu kwa uangalifu mkubwa.

Kompyuta: nzuri kwa kupanga foleni

Kwa laptopu ya kawaida, programu za bure kama xtb hutoa umbo na nishati ya molekuli ndogo kwa dakika chache. ORCA, ya bure kwa vyuo, hukokotoa DFT (nishati kutokana na msongamano wa elektroni) kwa saa chache hadi usiku mzima. Njia ya haraka ni kulinganisha nishati ya obiti ya juu iliyojaa, HOMO, ya nukleofili kadhaa. Inapanga vizuri enamini na pete zenye elektroni nyingi. Kwa ioni hasi inapotea njia, kwa sababu nishati ya ioni hasi isiyo na kiyeyushi ni hadithi nyingine kabisa.

Njia nzito ni kutafuta hali ya mpito na kizuizi chake. Hapa hesabu ni katili: kwenye 25°C kila kJ 5.7 kwa moli ni mara kumi ya kasi. Njia nyingi za DFT hukosea kwa kJ 8 hadi 12 bila kuona haya, na kiyeyushi kinachoigwa kama bahari laini hakijui vifungo vya haidrojeni vya methanoli. Kwa hiyo tofauti kati ya nukleofili mbili za ukoo mmoja inaaminika. Thamani ya k yenyewe, hapana. Programu zilizofunzwa kwa hifadhidata ya Mayr hukupa N kwa sekunde, na ndani ya makundi yaliyomo mle zinaridhisha. Ziulize kuhusu kiwanja chenye fosforasi ya ajabu, nazo zitajibu kwa ujasiri uleule.

Kwa hali yako

Unachagua kichocheo kati ya DABCO na DMAP, nukleofili mbili za nitrojeni, kwa asetonitrili: usipime, fungua hifadhidata. DABCO 18.80 na 0.70, DMAP 14.95 na 0.67, dhidi ya E ya −10 DABCO ina kasi mara 700. Lakini zao la DMAP ni thabiti zaidi, kwa hiyo kama hatua ngumu ya mmenyuko wako iko mbele baada ya shambulio, DMAP inaweza kushinda bado. Hili halimo kwenye N.

Una amini mpya uliyoitoa kwenye mmea, mg 20 tu: shindano dhidi ya morfolini, kwa HPLC. Una safu ya piridini sita ulizotengeneza: pima pKa zote, pima k za mbili, chora mstari. Unafundisha darasa la watu 40: zambarau na NaOH, vikundi vitano, kila kimoja na ukolezi wake, mchoro mmoja ubaoni. Una elektrofili mpya isiyo na E: ichukue nukleofili tatu zenye N zinazojulikana ndani ya kiyeyushi chako, pima k zake, gawa kila log k kwa sN, chora dhidi ya N. Mteremko ukikaribia 1, mahali mstari unapokata mhimili wa wima ndiyo E yako. Ukitoka 0.6 au 0.7, hiyo si kabokationi. Inanuka SN2, na fomula ya sE ndiyo inayokuhusu.

Chochote utakachopima, kwenye daftari iandikwe k pamoja na kiyeyushi, asilimia ya maji ndani yake, joto lililosomwa ndani ya kuveti, nguvu ya ioni na elektrofili. Spiriti ya 96% inayotokana na molasi, kwa mfano, ina maji ya kutosha kuibadili N ya ioni hasi, na anayekuja nyuma yako akitumia ethanoli kavu hatapata namba yako hata akikesha.